Suti Moja ya Marehemu Wote

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta picha yangu imebandikwa ukutani, nimevaa suti ya bluu na tai nyekundu, na chini yake pameandikwa jina langu na neno marehemu. Suti sijawahi kuwa nayo maishani. Picha yenyewe niliitambua, ilikatwa kwenye picha ya harusi ya binamu yangu, siku niliyovaa shati la kuazima. Kichwa kilikuwa changu. Kuanzia shingoni kwenda chini alikuwa mtu mwingine.

Nawaandikia ninyi vijana mnaotaka kuandika mambo yaliyotokea kweli. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo msitegemee nadharia. Kazi niliyoifanya ni kuandika historia za marehemu, ile karatasi inayosomwa mbele ya jeneza kabla ya mazishi: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, nini kilimuua, ameacha nani. Wengi mnaidharau. Lakini karibu kila mtu wa kwetu ataandikiwa, na yeye peke yake ndiye asiyeisikia. Mimi ya kwangu niliisoma.

Ilikuwa hivi. Tulitoka kambi ya dagaa kwenye kisiwa kidogo, tukielekea Nansio kwa mtumbwi wa injini wa Leonsi Mafuru. Namtaja kwa jina, na nitamtaja tena. Mdogo wangu Konsolata alikuwa mbele yangu, amekaa juu ya gunia la dagaa. Nahodha alimwambia Mafuru, mimi nikiwa nimesimama pale pale, kwamba ubao wa chini umelegea na maji yanaingia. Mafuru akasema maji yakiingia yatachotwa. Abiria mmoja akauliza maboya ya kuvaa yako wapi. Akajibiwa yako Nansio, stoo, yamefungwa kwa kufuli, kwa sababu abiria wanaiba, na hutolewa siku wakaguzi wakija. Tena akaongeza kwamba mwenye kuogopa maji akalime mihogo. Watu wakacheka. Konsolata naye alicheka. Hatukufika mbali.

Mimi niliokotwa na wavuvi wa upande mwingine, nikalala kambini kwao na homa, sina simu, sijui hii ni siku gani. Konsolata hakupatikana. Nilipoweza kusimama nikarudi nyumbani, karibu na Nansio, nikamkuta mama anafagia uani. Aliniangalia, akaendelea kufagia. Nilipomshika mkono ndipo ufagio ukamdondoka.

"Nilidhani ni wewe wa kila siku," alisema.

Baadaye akaeleza vizuri. Tangu msiba, kila asubuhi tulikuwa tunakuja, mimi na Konsolata, tunasimama pale penye chanja cha vyombo, hatusemi kitu, nguo zinachuruzika maji. Alikuwa ameshatuzoea. Kilichomshangaza asubuhi ile ni kwamba nilikuja peke yangu, na nguo zangu zilikuwa kavu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na makaburi mawili mapya. Kwetu mwili usipopatikana huzikwa mgomba mahali pa mtu, basi walizika migomba miwili. Kaburi la Konsolata lilikuwa limetulia. Langu lilikuwa limechipua jani, maana waliochimba waliung'oa mgomba ule pamoja na tunguu lake. Nilisimama juu ya kaburi langu nikiangalia jani langu.

Ndipo mama akaniletea zile karatasi mbili zilizosomwa msibani. Yangu ilisema marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu na mwenye kumcha Mungu, na kwamba alifariki ghafla kwa ajali ya majini. Ya Konsolata ilisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Nilitafuta humo kitu chochote kinachonihusu mimi, sikukipata. Nikatafuta jina la Mafuru. Nikatafuta kufuli. Hakuna. Ukisoma karatasi zile ungedhani ziwa liliamka lenyewe likaenda kufanya kazi yake. Chini kabisa paliandikwa jina la steshenari moja ya Mkuyuni, Mwanza.

Nilipanda meli ya Mwanza nimefumba macho mpaka inatia nanga, na nikaapa sitarudi tena majini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile steshenari, nikakuta picha yangu ukutani. Ilikuwa sampuli ya kuonyesha wateja.

Meneja wa pale alikuwa Deogratias, sisi tulimwita Meneja Deo. Aliniangalia mimi, akaiangalia picha, akashika meza. Halafu akacheka mpaka akatoa machozi, akasema mtu aliyetoka huko asiachwe aende hivi hivi, atavuta wateja. Akanipa kazi hapo hapo. Nilikubali kwa sababu nilitaka kujua maneno yale yanatengenezwaje. Tangu siku ile alikuwa akiniita Marehemu. "Marehemu, lete karatasi." "Marehemu, chai." Wateja wengine walitoka mbio.

Kazi yenyewe nilijifunza kabla ya chakula cha mchana. Kwenye kompyuta kulikuwa na historia moja. Unabadilisha jina, mahali pa kuzaliwa na idadi ya watoto, basi. Picha nayo vivyo hivyo: unakata kichwa unakipachika kwenye suti. Suti ilikuwa moja. Wanawake walikuwa na gauni lao jeupe, nalo moja. Nikipita kwenye nyumba za watu Mkuyuni, ukutani namwona mtu yule yule mwenye suti ya bluu, amebadilisha kichwa. Kuna mwaka niliacha kuingia sebuleni kwa watu.

Siku moja tuliletewa kazi ya marehemu mtoto, bado hajaanza kutembea. Mwenzangu alisahau kubadilisha maneno ya chini. Ikachapishwa kwamba marehemu alikuwa mshauri wa vijana na nguzo ya jumuiya. Tulingoja wenye msiba waje watutukane. Alikuja mama wa mtoto kutushukuru kwa maneno mazuri. Siku ile niliogopa kuliko nilivyoogopa majini. Niliona kwamba maneno ya namna ile hayasikiki. Yanasomwa, watu wanainamisha vichwa, na hakuna mtu anayekuwepo ndani yake.

Nikamwomba Meneja Deo niandike upya historia ya Konsolata, nimtaje Mafuru na kufuli lake. Kumbe Mafuru alikuwa akichapisha kalenda zake pale kila mwaka.

"Sikiliza, Marehemu," alisema. "Maneno yetu hayana mwenyewe. Ndiyo maana hatujawahi kuitwa polisi."

Namtaja na yeye. Mafuru aliwazamisha watu, na Deo alifuta njia waliyopita.

Niliondoka pale kwa sababu ya kikohozi. Nilitumwa kupeleka ratiba za mazishi ya Mzee Petro, fundi cherehani, lakini historia yake familia walikuwa wameandikiwa kwingine. Mjukuu wake akaanza kusoma. Haikusema kwamba alikuwa mchapakazi. Ilisema alilowesha uzi kwa ulimi hata baada ya daktari kumkataza, na kwamba hakukutajia bei kabla ya kukohoa kwanza. Watu wakaanza kutabasamu. Hapo hapo, nyuma ya umati, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kile kile. Sisi sote tuligeuka, hata padri. Nyuma yetu palikuwa na ukuta na viti vitupu. Mjane akasema taratibu, "Haya, ametaja bei." Nami nikauliza nani ameandika karatasi ile.

Nikaelekezwa Igoma, nyuma ya mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa mama mmoja aliyekuwa karani wa mahakama kabla ya kustaafu. Watu walimwita Mama Karani. Chumba chake kilikuwa na meza, benchi la wafiwa, na kiti kimoja kilichoegemezwa ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefiwa?"

"Nimefiwa, na nimekufa."

Hakucheka. "Kaa," alisema, na nilipotaka kukaa akainua kidole. "Siyo hicho."

Kiti kile kilikuwa cha marehemu. Picha ya mtu unayemwandika ilisimamishwa pale, picha yake halisi isiyo na suti, na ukimaliza kuandika ulitakiwa kumsomea kwa sauti. Ukifika mahali unaona haya kumtazama, mahali hapo pana uongo. Ukiishiwa pumzi, sentensi ni ndefu, ikate, maana msomaji atakuwa na kilio kooni na watu wako juani. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kuosha vyombo. Lakini nawaambia, kumsomea mtu aliyekufa mambo yake mwenyewe, mchana kweupe, vyuma vinagongwa nje, ni jambo ambalo mgongo hauzoei. Wakati mwingine chumba kilikuwa kizito, kama pale mtu anapoingia bila kubisha.

Wafiwa walipokuja, yeye hakuwauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Alisema ukiuliza hivyo unaletewa sifa, na sifa ni suti. Alisema, "Nipe kitu alichokuwa anakishika kila siku." Walishangaa, wakafikiri, halafu wakaanza kusema, na mtu akatokea. Kila walichosema alikidai asili yake: umeona mwenyewe, au umeambiwa, na nani? Walichoambiwa aliandika kwamba wameambiwa. Alikuwa amekaa mahakamani miaka mingi akiandika maneno ya mashahidi, na alijua mtu anavyoanza kudanganya bila kukusudia.

Akanipa kazi ya kwanza: mwandike Konsolata. Niliandika usiku kucha, nikamletea. Nilimwita Mafuru mnyama, muuaji, shetani wa ziwani. Alisoma yote, akairudisha.

"Hapa naiona hasira yako. Mafuru simwoni."

"Nimemtaja mwanzo mpaka mwisho, mama."

"Umemwita shetani, umemponya. Shetani hana stoo. Kufuli liko wapi?"

Niliandika tena, akakata. Nikaandika tena. Mwisho ikabaki karatasi fupi, haina tusi hata moja: nani alisema nini, nani alisikia, maboya yalikuwa wapi, nani alifunga. Na Konsolata juu ya gunia, anacheka. Nilipomsomea, mbele ya picha yake ya kipaimara, nilinusa maji. Sio samaki, sio matope. Maji yenyewe. Mama Karani alifungua dirisha.

Nikamuuliza niipeleke wapi. Polisi walishasema ni ajali, na Mafuru alishatoa ng'ombe msibani akasifiwa. Alinijibu kwamba karatasi ya namna ile husomwa watu wakiwa wamekusanyika, basi ningoje wakusanyike.

Nilingoja. Nikawa fundi. Niliandika wauza mitumba, makondakta, mabibi wa kanisa, mlinzi aliyefia getini. Huku nikitafuta majina ya wote waliokuwa kwenye mtumbwi ule, nikiuliza kila mtu anayetoka visiwani. Mama Karani naye alifariki, nikamwandika, nikamsomea pale kwenye kiti chake, na mahali pawili niliona haya, nikarekebisha. Kazi ikabaki kwangu. Kwenye simu mama aliniambia kwamba Konsolata bado anakuja. Anasimama penye chanja, analowesha ardhi. "Anakaa kama anayengoja kuulizwa," alisema.

Halafu asubuhi moja mwaka huu akaingia binti mtu mzima, amejifunga khanga ya msiba kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pole na msiba. Nani ametutoka?"

"Baba yangu. Leonsi Mafuru, wa Nansio."

Kalamu niliiweka chini, nikaiokota. Jina lake lilikuwa Editha. Baba yake alifia hospitalini hapa Mwanza, kesho yake wanampeleka Nansio kuzika. Alisimamisha picha kwenye kiti. Mafuru alikuwa amevaa fulana, amekunja uso kwa jua, na shingoni ana uzi ulioingia ndani ya fulana. Amezeeka. Nilitaka kumfukuza binti yule aende kwa Deo. Nilitaka pia kuchukua karatasi yangu niliyoitunza niibandike jina la Mafuru juu. Nikafanya nilichofundishwa. Nikauliza.

"Nipe kitu alichokuwa anakishika kila siku."

Alifikiri. Akafungua pochi, akaweka mezani ufunguo mdogo uliofungwa kwa uzi wa nyavu.

"Huu. Muuguzi ndiye aliyemvua. Alikuwa analala nao, anaoga nao. Mama akiuliza wa nini, anaacha chakula anatoka."

"Hamjui unafungua nini?"

"Nyumba nzima tumejaribu."

"Na stoo ya ufukweni?"

Akanitazama. "Ile haifunguliwi. Tangu niko shule ya msingi haifunguliwi." Kisha, polepole, "Wewe umejuaje kama kuna stoo?"

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia yote kwa mpangilio niliofundishwa, nilichoona na nilichosikia, bila kumwita baba yake kitu chochote. Hakulia. Alitoa simu, akampigia kaka yake Nansio, akamwambia avunje kufuli la stoo ya ufukweni, ndiyo, sasa hivi, asiulize. Tukangoja, sisi wawili na picha. Nje mafundi walikuwa wameacha kugonga vyuma, sijui kwa nini.

Simu ikalia. Ilikuwa picha. Maboya yale yametundikwa kwenye misumari kuzunguka kuta, rangi ya chungwa chini ya vumbi, kila moja limefungwa kamba zake kifuani. Panya hawakuyagusa. Mabega yalikuwa yamejaa, yamesimama, kama vile ndani yake kuna watu waliopangwa foleni wanangoja kuitwa.

Editha aliilaza simu kifudifudi.

"Nilikuja uniandikie kwamba alikuwa mpenda watu," alisema.

"Niandike?"

Aliuvuta ufunguo karibu yake. "Alikuwa anatupenda sisi. Hilo andika. Halafu andika na hili."

"Nani atasoma?"

"Mimi."

Niliandika hapo hapo, mambo ya nyumbani akinitajia Editha. Niliandika kwamba alikuwa akipita kwenye mitumbwi yake alfajiri, anaipapasa ubavuni kama mtu apapasavyo ng'ombe. Kwamba hakula samaki tena tangu mtumbwi wake ulipozama, na hakumwambia mtu sababu. Kwamba nahodha alimwonya kuhusu ubao, naye akaamuru waondoke. Kwamba maboya yalikuwa stoo, amefunga kwa kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni hadi alipofariki. Kisha: waliokufa majini ni hawa. Nikaweka majina niliyoyakusanya, na la mwisho Konsolata, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la dagaa, akicheka. Nilimsomea Mafuru kwenye kiti chake. Sikuona haya mahali popote. Sikumsamehe pia, na msidhani kazi hii ni ya kusameheana.

Kiapo changu nikakivunja, nikapanda meli moja na jeneza. Nansio palijaa watu, hadi wa visiwani. Ndugu zake walikuwa wameagiza ratiba kwa Deo, na juu ya jeneza palikuwa na picha kubwa: kichwa cha Mafuru, suti ya bluu, tai nyekundu. Suti yangu. Nilimwangalia mtu yule mwenye suti na nikamjua, tumekuwa pamoja muda mrefu.

Editha alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipofika kwenye kufuli, mdogo wake Mafuru alisimama akanyoosha mkono.

"Inatosha, mwanangu. Lete karatasi."

"Bado majina, baba mdogo," Editha alisema, na akaendelea.

Msibani kwa Mzee Petro watu waligeuka nyuma. Hapa hakuna aliyegeuka nyuma, wala aliyelitazama jeneza. Jina la kwanza liliposomwa vichwa viligeukia ziwani, vyote, kama mtu aliyeitwa kutoka majini. Na kila jina, watu walitazama kule. Lilipofika la Konsolata niligeuka na mimi. Sikuona kitu. Maji yalikuwa yametulia kama siku ile.

Sasa nimeacha kazi. Macho yamechoka, na vijana wanaletewa maneno tayari kwenye simu zao, suti ile ile, kitambaa kipya. Nasikia Deo bado anauza kalenda. Mkitaka kuandika mambo ya kweli, mimi nina haya machache tu niliyowaambia, na hayakunifanya kuwa mtu mwenye furaha. Tafuteni kitu alichokishika. Semeni nani alifunga mlango. Halafu msomeni kwa sauti mbele ya kiti kitupu, na mkae hapo mpaka mwisho hata kama chumba kimebadilika.

Baada ya mazishi nililala kwetu. Mgomba wa kaburi langu sasa ni shamba dogo, na hakuna anayekula ndizi zake. Asubuhi nilitoka nje nikamkuta mama anafagia uani, mgongo umepinda. Alikuwa amefagia pote isipokuwa penye chanja. Pale alikuwa amesimama anaangalia chini.

"Amekuja?" nilimuuliza.

"Amekuja," alisema mama. "Leo nguo zake zimekauka."